Kisafisha bwawa kipi kitakuokolea LUKU?

Dada, umeuliza kisafisha bwawa kipi kitakula umeme kidogo kwenye nyumba yako ya wageni pale Njiro. Bei ya dukani isikudanganye, angalia kwanza kinaendeshwa na nini.

Cha kunyonya hakina mota, kinavutwa na pampu kuu. Pampu ya wati 1,100 ikifanya kazi kwa muda wa saa tatu inakula uniti 3.3. Kama saa hizo ungeiwasha tu ili kuchuja maji, huongezi gharama kubwa. Ukiiwasha kwa ajili ya usafi peke yake, hapo unaumia.

Kile cha kusukumwa na maji chenye pampu yake ya pili, nakuomba ukiache. Pampu mbili zinazunguka kwa pamoja, na uniti zinaweza kufika sita na zaidi kwa muda uleule.

Roboti nyingi hutumia wati 150 hadi 200 hivi, yaani saa mbili na nusu ni kama nusu uniti. Tena uchafu unabaki kwenye kikapu chake, filta haizibi haraka, na maji ya kuioshea yanapungua. Maua ya mjakaranda yakianza kudondoka utanielewa. Ila pampu kuu bado utaiwasha kila siku, maana roboti haizungushi dawa bwawa zima.

Roboti ni ghali kununua. Chukua uniti utakazookoa kwa mwezi, zidisha kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya LUKU, ndipo uamue. Bwawa likiwa dogo sana, brashi na wavu vinatosha kabisa.