Nilicheka Ijumaa, Jumapili nikahukumiwa

Mhariri habari za kazi. Swali lenu la wiki hii ni je, ni sawa wahubiri kuwafundisha watoto na vijana habari za dhambi isiyosameheka, yaani ile ya kumkufuru Roho Mtakatifu. Nimelisoma nikiwa kwenye foleni ya benki nikataka nijibu neno moja tu, HAPANA, alafu niendelee na mambo yangu. Imeshindikana. Saa hizi ni saa tano usiku, watoto wamelala, mi bado naandika. Na mmenikuta pabaya kwa sababu juzi tu binti yangu wa kidato cha pili kaniletea fomu ya kambi ya vijana ya Desemba, mzazi asaini, na kwenye ratiba jioni ya siku ya tatu kuna somo limeandikwa Dhambi ya Mauti.

Nyie mmeuliza ifundishwe au isifundishwe. Mimi naomba niongelee yule ambaye ameshafundishwa, kaenda kulala, saa nane usiku yuko macho anaamini kabisa kwamba ameshaitenda. Maana huyo mi namjua, nilikuwa mimi.

Mwaka 1997 nilikuwa bweni, shule ya wasichana mkoa wa Tanga, jina naliacha. Nilitokea kwa bibi yangu Magila, Muheza, na wanaoijua Magila wanajua, kule ni Waanglikana wa zile misheni za zamani za UMCA, chama cha wamisionari wa Kiingereza, uvumba, kengele, padri na majoho yake, ukipaza sauti kanisani vikongwe wote wanageuka kukuangalia. Kunena kwa lugha, yaani kuomba kwa maneno yasiyoeleweka ambayo watu wanaamini yanatoka kwa Roho Mtakatifu, nilikuwa nakusikia tu kwa watu. Sasa shuleni kulikuwa na kikundi cha maombi kila Ijumaa jioni bwaloni, na kulikuwa na dada mmoja wa kidato cha nne, mcha Mungu kwelikweli, akianza kunena hakamatiki. Siku hiyo ya kwanza mi nasikiliza, na nisameheni, nilichosikia mimi ni konda anataja vituo Tanga mpaka Korogwe. Nikacheka. Si kucheka kwa kujificha, cheko lilitokea puani. Na usiku bwenini nikapanda juu ya dabo deka na ndoo mkononi nikamwigiza, shaba raba sanda, Mkanyageni shusha, bweni zima likalala chini kwa kicheko. Siku ile nilikuwa staa.

Jumapili akaja mhubiri mgeni, na maiki na jenereta lake. Akafungua Mathayo 12, kwamba kila dhambi watasamehewa wanadamu ila kwa kumkufuru Roho hawatasamehewa, katika ulimwengu huu wala katika ule ujao. Akafunga Biblia. Akasema anayecheka kunena kwa lugha anamcheka Roho mwenyewe, alafu akanyamaza, akatuangalia, akasema kwa sauti ya chini "kuna mtu humu ndani ameshavuka mstari". Leo najua hiyo sentensi hata mimi naweza kuisema kwenye ukumbi wowote na haikosi mtu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tano, na ndoo ile ile niliyoigizia ilikuwa chini ya kitanda changu.

Kilichofuata sijui nikielezeje kwa mtu ambaye hakijampata. Kuna sentensi moja mbaya juu ya Roho Mtakatifu ikaanza kuja kichwani yenyewe. Siitaki, naiogopa kuliko nyoka, na kadri navyoikataa ndo inakuja. Nikaona dawa ni kuijibu, kila ikija nasema "damu ya Yesu" mara saba, mtu akinisemesha katikati hesabu imeharibika naanza moja. Bombani nasema, kwenye foleni ya uji nasema, kwenye paredi midomo inacheza mpaka mwalimu wa zamu akaniuliza natafuna nini. Prepo sisomi. Nikakonda. Metroni akaona huyu ana malaria, nikapewa klorokwini, na watu wa umri wangu mnaikumbuka klorokwini ilivyokuwa inawasha, sasa mi ile usiku mwili mzima unawaka, najikuna mpaka damu, sikuwaza dawa hata kidogo. Nikajua moto umeshaanza. Yaani nililala pale nikijikuna nasubiri ukolee.

Nilimwambia rafiki yangu mmoja tu. Naye akanipa lile jibu ambalo kila mtu analo, kwamba ukiona unaogopa ujue hujaitenda, aliyeitenda haogopi. Jibu zuri, najua ni la kweli kwa kiasi kikubwa, hata wachungaji wengi ndo wanalitoa. Lilinisaidia kama dakika ishirini. Baada ya hapo nikaanza kupima kama naogopa vya kutosha. Asubuhi nikiamka nimetulia kidogo moyo unalipuka, mbona siogopi, basi ndo moyo umeshakuwa mgumu, basi kweli. Kwa hiyo nyie mnaolitoa hilo jibu litoeni ila msidhani mmemaliza kazi.

Desemba nikarudi Magila, mvua za El Nino zile, barabara imekuwa mto, tumeshuka kwenye basi mara tatu kusukuma. Bibi kaniangalia mara moja tu akajua kuna kitu. Jirani yetu mama mmoja Muislamu, aliyekuwa akija kuomba moto jikoni, ndo wa kwanza kulipa jina. Kanitazama navyochezesha midomo akamwambia bibi "mtoto ana wasiwasi huyu". Mi nikadhani anasema nina hofu tu. Kumbe kwao hilo neno ni zito zaidi, wasiwasi ni ule mnong'ono wa shetani unaotajwa kwenye sura ya mwisho ya Kurani, na akatuhadithia kaka yake aliyekuwa akitia udhu harudi, anaosha mkono, anaona bado, anaosha tena, mpaka jamaa imeshaswali imemaliza. Shehe wake akamwambia osha mara tatu, ya tatu ikiisha nenda kaswali hata ukiona bado. Hata ukiona bado! Mi sikuelewa kwanini bibi alitikisa kichwa vile.

Kesho yake bibi akanipeleka kwa mwalimu wa kanisa, mzee mmoja katekista wa enzi hizo. Tukamkuta amegeuza baiskeli miguu juu, mpira wa ndani upo kwenye beseni la maji anatafuta pancha. Shikamoo mwalimu, marahaba, nikamwaga yote kwa pumzi moja. Hakuacha kazi. Akauliza, hao waliosema Yesu anatoa pepo kwa Beelzebuli, mkuu wa pepo, walikuwa akina nani. Nikasema waandishi, walitoka Yerusalemu. Walikuwa wamemwona akifanya nini? Akitoa pepo, akiponya watu. "Haya na wewe uliona nini?" Nikasema niliona dada anaongea kama konda. Mzee akacheka. Akacheka mpaka akaziba mdomo na mkono wenye gundi, na mi badala ya kufarijika nikawaza Mungu wangu, sasa tumekuwa wawili.

Alafu akanisomesha Marko 3 badala ya Mathayo, mpaka mstari wa 30 ambao Mathayo hana, mfupi tu: "kwa vile walivyosema, Ana pepo mchafu". Akasema hapo ndo pameandikwa sababu, watu wameona kwa macho yao mema yanatendeka, wanajua, wakaamua kuyaita ya shetani, na hawakuja jioni kuuliza kama watasamehewa. Nikaondoka nimepona. Siku moja. Siku ya pili nikarudi na Waebrania 6, wale walioonja kipawa cha mbinguni wakaanguka, haiwezekani kuwafanya upya. Akanijibu na hiyo, kwa upole, akanionyesha kwamba mistari michache mbele mwandishi mwenyewe anawaita wapenzi na anasema kwa habari zao anasadiki mambo yaliyo mazuri zaidi. Siku ya tatu nikarudi na ile ya je kama siogopi vya kutosha.

Akaniangalia. Akasema "Leo sijibu. Nimeshakujibu mara mbili, nikikujibu leo kesho utakuja na nyingine. Shika hiyo pampu." Nikajaza upepo tairi la nyuma nalia. Nilimchukia yule mzee siku ile jamani, nikaona hata yeye ameona sina tumaini ndo maana kakwepa. Lakini akawa ananiita kila siku, kufagia kanisa, kukata majani, kubeba maji ya maua, na nikianza tu "mwalimu hivi kama" ananipa kitu kingine nishike. Kufika Januari sentensi ilikuwa bado inakuja ila kuna siku nasahau kuijibu.

Nimeandika sana hapa najua, mniwie radhi, mambo mengine nayapitia haraka.

Ilirudi 2011 baada ya kujifungua mtoto wa pili, safari hii nikapelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili, na kwa mara ya kwanza nikaambiwa hiki ni kitu kinachojulikana, ni namna mojawapo ya ugonjwa wa mawazo yanayojirudia, huwapata watu wa dini zote, huyu hesabu ya sala, yule udhu, mwingine kufuru. Akasema ile kuomba kuhakikishiwa kila saa, mchungaji nimesamehewa? mume wangu nimesamehewa?, ni kama kujikuna. Unapata nafuu sekunde mbili na ngozi inazidi kuwasha. Nilicheka pale ofisini, nikamsimulia klorokwini, na nikamkumbuka mzee na pampu yake. Nikatumia vidonge miezi kadhaa na nikajifunza kuiacha sentensi ipite bila kuijibu, ambayo ni kazi ngumu kuliko kufunga siku arobaini.

Na tusidhani ni mambo ya kina sisi tu. John Bunyan wa kule Bedford Uingereza, fundi wa kuziba masufuria aliyekuja kuwa mhubiri mkubwa, aliandika mwenyewe mwaka 1666 jinsi sauti ilivyomganda kichwani, muuze Kristo, muuze, muuze, mpaka siku moja akachoka akawaza basi Kristo aende akitaka, na baada ya hapo akakaa muda mrefu sana akiamini amekwisha kama Esau, yule wa kwenye Biblia aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Mtu huyo! Huwa nikimfikiria naona kama tulilala bweni moja.

Sasa turudi kwenye HAPANA yangu. Nilivyoanza nilikuwa na hakika. Ila navyoandika najiuliza nilichoumizwa nacho ni nini hasa, ni mstari? Mstari ni wa Yesu mwenyewe, siwezi kusema usisomwe na mi si wa kuuondoa. Kule Magila haukuwahi kuhubiriwa hata mara moja ninavyokumbuka, hivyo mara ya kwanza kuusikia ilikuwa kwa mtu aliyekuja Jumapili na Jumatatu asubuhi kashapanda gari kaondoka na jenereta lake. Kama yule mwalimu angenisomea Marko 3 nina miaka kumi, kwa ile sauti yake ya pancha, mhubiri angekuta nafasi imeshakaliwa. Kwa hiyo jibu langu, na mnishangae tu, ni NDIYO ifundishwe. Mapema. Ila ifundishwe na mtu ambaye Jumanne atakuwepo, mtoto akigonga mlango afunguliwe, na akigonga mara ya tatu huyo mtu awe na akili ya kumpa pampu. Isifundishwe usiku wa tatu wa kambi watoto hawajalala vizuri, na ile "kuna mtu humu ndani" mimi ningeipiga marufuku kwa sheria ya kanisa kama ningekuwa askofu, ambaye siwi.

Nadhani pia simtendei haki sana yule mhubiri, huenda naye aliogopeshwa hivyo hivyo udogoni. Sijui.

Yule dada wa kidato cha nne nilikutana naye miaka ya karibuni kwenye sendofu Tanga mjini, tumekaa meza moja, nikaona niombe msamaha yaishe, nikamwambia dada siku ile bwaloni nilikucheka na bwenini nikakuigiza. Akaweka soda chini. Akasema mdogo wangu, kule kunena nilikuwa naigiza na mimi, wenzangu wote walikuwa wameshajaliwa nimebaki peke yangu, na siku mhubiri aliposema kuna mtu humu ndani nilijua ananisema mimi. Hakulala term nzima. Tumeishi bweni moja, vitanda havizidi sita katikati yetu, kila mmoja anatetemeka kivyake.

Basi ndiyo, nimesema ifundishwe na sirudi nyuma. Nimempigia mwenye kambi mara mbili nimuulize hilo somo la jioni anafundisha nani na anakaa wapi, hajapokea. Leo binti kaniuliza tena nikamwambia kalamu haiandiki. Fomu iko mlangoni kwenye friji, mwisho wa kurudisha ni Ijumaa.