Usimpime Kila Jambazi kwa Marlon Brando

Tangu tulipoonyesha filamu ya Rififi pale Kondele, Kisumu, natembea kifua mbele. Filamu ya Kifaransa ya mwaka 1955, isiyo na rangi, mbele ya vijana waliozoea DJ awatafsirie kila ngumi! Jamaa mmoja anayeniita "mhakiki wa sinema za babu" alikuja kuona nikiaibika. Ikafika sehemu ya wizi wa vito: karibu nusu saa bila neno wala muziki, majambazi wanatoboa sakafu ya nyumba ya juu, vifusi wanavikinga kwa mwavuli. Hakuna aliyekohoa. Jamaa yangu alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nilimwona vizuri tu.

Sasa mnaniandikia mkiuliza nahakiki vipi, maana nanyi mnataka jina kwenye bango la tamasha. Haya. Kwanza, mwacheni Brando apumzike. Huku kwetu kila jambazi akitokea kwenye skrini, mhakiki anakimbilia The Godfather, ile filamu ambayo Brando ni mkuu wa familia ya majambazi na ufalme wake unarithiwa na mwanawe. Deewaar ya India (1975) utaipimaje hivyo? Pale hakuna ufalme wa kurithi. Kuna ndugu wawili waliolelewa na mama mjenzi, mmoja polisi, mwingine mlanguzi, na mama anaondoka kwa mlanguzi ingawa ndiye mwenye jumba. Mwongozaji Kinji Fukasaku wa Japani naye, mwaka 1973, anafungua filamu yake Battles Without Honor and Humanity kwa wingu la bomu la Hiroshima kisha anatuingiza kwenye soko la magendo baada ya vita. Usipolitazama soko lile, genge lake hutalielewa.

Iliyonikaa rohoni zaidi ni The Harder They Come ya Jamaika (1972). Ivan, anayeigizwa na mwanamuziki Jimmy Cliff, anatoka mashambani kwenda Kingston kuimba, na bwana mkubwa wa studio anamtupia dola 20 kwa wimbo wake. Bunduki inakuja baadaye. Mimi niliiandikia tovuti fulani uhakiki kwa miezi, ahadi juu ya ahadi, hadi leo sijaona senti. Kwa hiyo nilipoihakiki filamu hiyo nilianzia kwenye zile dola 20, na ndiyo makala yangu iliyosomwa kuliko zote.

Nanyi anzieni panapowauma. Tazameni mara mbili, msiharakishe picha, simu iwe mbali. Narudia, mara mbili! Na mtu akiwaambia mtalipwa kwa kujulikana, mwambieni M-Pesa ipo, atume kwanza.