Je, kufunga kula kunaondoa virusi vya HPV?

Swali: Shikamoo daktari. Wifi yangu ana miaka 36, amepimwa akakutwa na HPV aina ya 16, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Kuna mtu kamtumia video inayosema akifunga siku tatu kwa maji matupu, seli zitaanza kujila zenyewe, eti ndiyo autofajia, na virusi na saratani vitaliwa humo humo. Sasa hataki kurudi kliniki mpaka afunge kwanza. Kuna ukweli hapo? – Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba. Kwanza kabisa, tarehe ya kliniki asiiache ipite. Hilo ndilo lililonikosesha raha nilipokusoma.

Autofajia ipo kweli, na njaa huiamsha kweli. Yoshinori Ohsumi wa Japani aliiona kwa kuzinyima chakula seli za hamira, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2016. Seli huzungushia utando protini zilizoharibika na vipande vyake vilivyochakaa, pengine hata vijidudu vilivyopenya. Hicho kifuko huungana na lisosomu, kijumba chenye asidi na vimeng'enya, na yaliyomo yakayeyushwa yatumike upya.

Tatizo ni kwamba HPV inamjua mlinzi huyu, yaani autofajia. Kirusi cha aina ya 16 kinapoinasa seli, huwasha mfumo wa mTOR, ambao kazi yake mojawapo ni kuilaza autofajia, nacho kikapita. Maabara imeonyesha kwamba seli zilizozimwa autofajia huambukizwa kwa urahisi zaidi. Kikishakaa ndani, protini zake mbili huanza uharibifu: E6 huiangamiza p53, E7 huishika Rb. Hizo p53 na Rb ni protini za seli yenyewe, ndizo breki zake za kuzuia isigawanyike ovyo. E6 na E7 hizo hizo huzuia vifuko visiungane na lisosomu. Taka zimefungwa vizuri, lakini gari la taka halifiki.

Hapa hata wanafunzi wangu hukosea. Tukiipaka rangi ya kijani inayong'aa protini ya LC3, ambayo hukaa kwenye utando wa vifuko hivyo, vifuko huonekana kwenye hadubini kama nukta. Mwanafunzi akiona nukta nyingi husema autofajia imepamba moto. Lakini nukta huongezeka pia pale ambapo vifuko vinatengenezwa bila kumwagwa. Ndiyo maana kusema tu "autofajia imeamka" hakutoshi.

Tena uvimbe ukishakua, mambo hugeuka. Seli zilizo katikati yake hazipati damu ya kutosha, na autofajia ndiyo inayozilisha. Zikipigwa na sisplatini, dawa ya saratani, baadhi yake hujinusuru kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo watafiti wa saratani wengi hawajaribu kuiamsha, wanajaribu kuizima, na wanatumia klorokwini, ile dawa ya malaria iliyokuwa ikituwasha mwili mzima kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001. Hupunguza asidi ya lisosomu, na yaliyomo kwenye vifuko hayayeyushwi. Bado haijawa tiba ya kawaida ya saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo msiende kuitafuta dukani.

Umeona ugumu ulipo? Njaa haichagui seli. Haiwezi kumwamsha mlinzi kwenye seli nzima ikamnyima chakula adui kwenye seli iliyoharibika. Hakuna ushahidi kwa binadamu kwamba kufunga kunaondoa HPV.

Wifi pia aelewe kwamba kukutwa na HPV si kukutwa na saratani. Maambukizi mengi huondoka yenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Yakidumu, saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kutokea, ila kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila dawa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Aina ya 16 na 18 ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo yake si ya kupuuzwa.

Kliniki huenda wakampaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kusubiri kama dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Asiende akiwa hedhini. Kula ale, kipimo hiki hakihitaji tumbo tupu.