Simama Usome: Dar ya Kale Tunayoipita Kila Siku

Nilifanya kazi Posta miaka sita, nikiipita Sanamu ya Askari asubuhi na jioni, na sikuwahi kusoma yaliyoandikwa chini yake. Siku niliyosoma mvua ilikuwa imenyesha, foleni haisogei, daladala hazionekani. Nikasogea pale nisubiri.

Maandishi yapo kwa Kiswahili na Kiingereza. Yanasema sanamu hiyo, iliyowekwa mwaka 1927, ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nikaizunguka sanamu nikitafuta hayo majina. Sikuona hata moja. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi, na alama yao kubwa katika jiji hili ni jina la mtaa tu: Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi pale. Bibi yangu aliuza vitumbua Kariakoo maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza aende wapi kuona mambo ya kale mjini, simpeleki kwanza kwenye geti na tiketi. Namwambia aanze na kitu anachokipita kila siku. Asimame, asome, kisha ajiulize nani hakutajwa.

Siku nzuri ya kufanya hivyo ni Jumapili asubuhi. Katikati ya wiki Posta huwezi kuinua macho, utagongwa. Jumapili barabara ni nyeupe, unatembea taratibu kutoka kwenye sanamu hadi Sokoine Drive, na kwa mara ya kwanza unaona majengo yana ghorofa za juu, madirisha na milango ya nakshi.

Hapo Sokoine Drive kuna Boma la Kale. Lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867, wakati Sultani Majid wa Zanzibar alipoamua kujenga mji mpya palipokuwa na kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, mji ukasimama nusu nusu. Kasri lake halipo tena, lakini Boma, lililokuwa la kupokelea wageni wake, lipo. Weka kiganja chako ukutani pale lipu ilipobanduka: utagusa mawe ya matumbawe yenye vitundu vidogo vidogo, yaliyotoka baharini, yakashikanishwa kwa chokaa. Ukitoka hapo ukashika zege la ghorofa jipya utaelewa kwa nini ndani ya Boma kuna ubaridi hata mwezi wa pili.

Hatua chache tu kando yake kuna Nyumba ya Atiman, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote mjini. Nayo ni ya enzi za Majid. Baadaye ilifika mikononi mwa Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, na leo ina jina la Adrian Atiman, mtu aliyeibwa akiwa mtoto karibu na Timbuktu, akauzwa, akakombolewa na mapadri hao, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu huko kwa miongo mingi na kufia huko mwaka 1956. Fikiria: nyumba ya sultani, katika himaya iliyotajirika kwa biashara ya watumwa, inaitwa kwa jina la mtu aliyewahi kuuzwa. Wangapi wanaokimbilia boti ya Zanzibar asubuhi wanalijua hilo?

Nyumba ya Mwalimu Nyerere kule Magomeni nayo usiiache. Ni ndogo, haichukui muda.

Kunduchi ndiko kunakohitaji siku nzima, na kunakohitaji adabu. Ni magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, katikati ya mibuyu, kama kilomita ishirini kaskazini mwa Posta. Mara ya kwanza nilikosea: nilikwenda peke yangu saa saba mchana, jua la utosi, vijana wawili wakanifuata nyuma hadi nikageuza. Mara ya pili nilianzia kijijini. Nikasalimia, "Shikamoo mzee," nikaeleza ninachotaka, na mzee mmoja akafunga mlango wa nyumba yake akanisindikiza mwenyewe. Fanyeni hivyo. Vaeni viatu vya kufunga maana kuna miiba, vaeni nguo za stara, msiende mmoja mmoja.

Nguzo za makaburi zilipambwa kwa bakuli na sahani za kaure zilizoletwa na majahazi, nyingine kutoka China. Nyingi zimeng'olewa. Limebaki tundu la duara katika chokaa, na ukitazama kwa karibu, ukingoni mna kipande chembamba cha rangi ya bluu, hakizidi ukucha, ambacho mwizi alishindwa kukitoa. Nilipoegemea kaburi ili nipige picha, mzee alinishika mkono. "Mwanangu, hapa kuna watu wamelala."

Tulipokuwa tunaondoka niliona kigae chini, cheupe chenye mstari wa bluu, nikainama kukichukua nimwonyeshe mwanangu nyumbani. Mzee alikipokea kutoka mkononi mwangu bila maneno, akarudi nacho hadi kwenye nguzo, akachimba kidogo kwa vidole, akakiweka, akakifukia kwa mchanga.