Viza inasema miezi mitatu, muhuri unasema wiki ijayo

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Bangkok kwa viza ya utalii, namsaidia dada yangu aliyejifungua. Viza imeandikwa miezi mitatu, ila shemeji anasema muda wangu unaisha wiki ijayo. Nani mkweli? Na je, naweza kusuka watu nywele nipate chochote?

JIBU: Marahaba. Shemeji yako yuko sahihi. Ile miezi mitatu ni muda wa kuitumia viza kuingia nchini. Siku za kukaa ni 60, na tarehe ya mwisho isome kwenye muhuri uliogongewa uwanja wa ndege. Mimi nililigundua hilo usiku wa siku ya 58, sikulala.

Nenda uhamiaji, Chaeng Watthana, asubuhi mapema. Saa sita wanakwenda kula. Jaza fomu TM.7, ile ya kuomba kuongezewa siku, chukua picha ya sentimita 4 kwa 6, baht 1,900 taslimu na nakala za pasipoti. Tia sahihi kila nakala! Ukurasa mmoja tu ulinirudisha nyuma ya foleni. Mwombe shemeji na karatasi ya TM.30, ile ya kuarifu kwamba anaishi na mgeni.

Wakikubali, siku 30 zinahesabiwa kuanzia mwisho wa muhuri wa sasa, kwa hiyo kuwahi hakukupunguzii kitu. Kuchelewa ni faini ya baht 500 kwa siku, hadi 20,000. Na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, usivuke kwenda Laos kutembea, ukitoka imekufa.

Nywele msuke dada yako. Viza ya utalii hairuhusu kazi.