Niliachwa kitambo, mbona bado naitwa mke wa mtu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi niko Kisauni, niliachwa 2019, mume alitoa talaka mbele ya babangu na wazee wawili, eda nikakaa nikamaliza. Sasa nimeposwa, kwenda kuandikisha naambiwa rekodi bado ina mume! Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya posa. Hapo ndo wengi wanapokwama, talaka ya mdomo dini inaitambua lakini daftari la serikali halisikii maneno, linataka karatasi, na chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 ndoa zetu za Kiislamu pia zinasajiliwa. Nenda mahakama ya Kadhi hapa Mombasa, beba kitambulisho, cheti cha ndoa na wale wazee (usiseme kesho kesho, wazee hawangoji). Kadhi akithibitisha, soma ile karatasi kabla hujatoka mlangoni, tarehe ya talaka iwe ya 2019 sio ya leo, na jina lifanane na kitambulisho, kama ni Mwanaisha isiandikwe Mwana Aisha! Kisha peleka kopi kwa msajili wa ndoa arekebishe. Kitambulisho kisikupe presha, hakiandikwi umeolewa.