Wanaimba silabi, kusoma hawawezi

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Nafundisha Gredi ya 2 hapa Lamu. Wanafunzi wangu huimba "ba be bi bo bu" bila kukosea, lakini nikimwonyesha mmoja neno "bata" ananitumbulia macho. Nifanyeje?
Mwalimu, Langoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wamekariri wimbo, herufi hawajaziona. Kata maboksi ya dukani vipande vipande, kila kipande silabi moja, uvimwage mkekani. Wakae wanne wanne, waunde majina ya vyakula: na-zi, ma-ha-m-ri. Anayetaka "papa" atahitaji "pa" mbili, na ya pili huenda iko kwa mwenzake. Sharti ni moja: haombi kwa kidole, anaitaja. Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu akichungulia, mkaribishe acheze.

Wakishazoea, wapeleke ufukweni kwenye majahazi. Kila mtoto achague chombo, anakili jina lililopakwa ubavuni, wakirudi aandike sentensi mbili: kimebeba nini, kinaelekea wapi. Akiandika "boliti" badala ya "boriti", kalamu nyekundu iache mfukoni kwanza; msomee alichoandika, mara nyingi atajishtukia mwenyewe. Imla ya kila Ijumaa mimi siipendi, inawatia hofu tu.

Na wale wanaoanza mstari kulia usiwagombeze. Jioni wako madrasa, huko ndiko mstari unakoanzia. Watilie nukta ya wino pembezoni kushoto mwa daftari. Baada ya muda hawataihitaji.